Taa Nyekundu Katikati ya Pamba

Jumanne moja ya mwaka 1997, Joakim alikuwa anapeleka magunia mawili ya mpunga Bariadi mjini, gari lake likasimama lenyewe kwenye barabara ya vumbi nje kidogo ya Nkololo, pamba kushoto, pamba kulia. Injini ilikuwa inanguruma vizuri. Kwenye dashibodi kulikuwa na skrini ndogo iliyokuja na gari kutoka Japani, yenye ramani ya mji mmoja wa huko. Kwa mujibu wa ramani hiyo, mahali pale palikuwa na taa za kuongozea magari, nazo zilikuwa nyekundu. Joakim alisubiri dakika nne. Zikawaka kijani, gari likaondoka.

Tangu hapo lilisimama pale kila safari. Wenye mikokoteni ya ng'ombe wakazoea kumpita wakimsalimia.

Alilipeleka kwa fundi Marcelo, mtaa wa Somanda pale Bariadi. Marcelo akaing'oa skrini. Honi ikanyamaza, usukani ukakaza, milango ikajifunga na Marcelo akiwa ndani. Akairudisha.

"Kaka, redio nakufungia yoyote unayotaka," alisema alipotoka. "Hii imeunganishwa na kila kitu."

Mwezi wa tatu, Felisita, binti wa jirani yake Milembe, alishikwa na uchungu na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga akasema hospitali, na gari kijijini lilikuwa moja. Walipofika penye pamba, likasimama. Kwenye skrini sauti ya mwanamke ikasema jambo kwa Kijapani.

"Anasemaje?" Milembe akauliza.

"Sijui, mayu. Nadhani anasema tusubiri."

"Mwambie mwanangu anaumwa."

Joakim akamwambia kwa Kiswahili. Milembe akamwambia kwa Kisukuma, kwa kirefu, akitaja na ukoo. Sauti ikarudia maneno yale yale kwa upole. Joakim akashuka akasukuma, gari halikusogea. Kwenye ramani watu walikuwa wanavuka barabara, wengi, na miavuli mkononi. Hawakuisha kwa muda wa saa nzima.

Mtoto akazaliwa kiti cha nyuma, akitanguliza miguu, mzima. Felisita alitokwa damu hadi kijani kilipowaka. Hospitalini daktari alimwokoa, ila kizazi kilitolewa. Alisema wangefika mapema, kingebaki.

Milembe hakumlaumu Joakim. Alimwambia tu, "Baba, lirudishe hili gari."

Joakim akaenda nalo Dar es Salaam, kwa aliyemuuzia. Uwanjani kulikuwa na magari arobaini. Muuzaji alimpokea vizuri, akamletea soda.

"Zamani mlikuwa mnapangiwa, mzee. Sasa hivi ni soko huria. Zunguka, chagua mwenyewe."

Joakim akazunguka, akachungulia dirisha moja baada ya jingine. Yote yalikuwa na skrini. Ramani ilikuwa ya mji ule ule.

"Lipo lisilo na hii?"

Muuzaji akafikiri kwa dhati.

"Lipo la bluu," akasema.

Joakim akachukua la bluu. Lilisafirishwa kwa treni, likashushwa Malampaka, na hatua chache kutoka stesheni likasimama. Magari mengine matatu yalikuwa yamesimama pale tangu asubuhi. Madereva wake walikuwa wamekaa kivulini, wanakula mahindi ya kuchoma. Mmoja akasogea kwenye gogo, Joakim akapata pa kukaa.