Mgeni wa Kumi na Moja

Mimi ni muongoza watalii, na kama kuna kitu kinachonichemsha damu ni kusahihishwa mbele ya wageni. Sasa fikiria anayekusahihisha ni mama yako mzazi, amekaa kiti cha mbele kabisa cha basi, amevaa miwani ya jua uliyomnunulia kwa mkono wako mwenyewe.

Lakini ngoja nianze mwanzo. Nchi yetu ni ya milima, na ng'ambo ya mlima kuna jirani yetu, naye ni wa milima vilevile. Mpaka kati yetu ulifungwa miaka thelathini na sita iliyopita. Nani alianza, usiniulize mimi, kila upande una jibu lake. Mwaka huu wakubwa walifungua mlango nusu: raia wa kawaida bado, ila makundi ya watalii yaliyosajiliwa, ruksa. Bosi wangu, ambaye ofisi yake ni vyumba viwili juu ya duka la dawa, alikuwa wa kwanza kubandika tangazo dirishani: Nchi Mbili, Safari Moja. Siku tano huku, siku nne kule, majumba ya kale, wafumaji, ngoma na madaraja ya mawe.

Niliposoma tangazo lile sikuwaza utalii hata kidogo. Nilimuwaza mama. Mama alizaliwa kule, akaolewa huku, na mpaka ukafungwa nyuma yake mimi nikiwa tumboni. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, yuko hai kule kule, ana miaka themanini na mbili. Wakipigiana simu wanasalimiana, kisha wanalia wote wawili mpaka salio linakwisha. Nikamwambia bosi, mama yangu naye anakwenda safari hii kama mtalii. Bosi akacheka, akasema haya, mradi awe na viatu vizuri.

Nikamnunulia viatu. Nikamtengea kitanda mbali na mlango kila hoteli, nikafungasha dawa zake za presha mara mbili, kwenye begi lake na kwenye langu. Kwenye ratiba ya upande wa pili nikapenyeza "makazi ya kale ya mawe", ambayo, tusidanganyane, ni nyumba ya mama mkubwa.

Basi tukaanza, wageni kumi na mama. Siku ya kwanza, ngomeni, nikawaeleza kwamba ukuta ule ulijengwa kuzuia maadui. Kutoka nyuma nikasikia, "Maadui gani? Ulizuia mbuzi." Wageni wakaangua kicheko. Siku ya pili, kwa wafumaji, nikasema ile mistari ya kupindapinda kwenye blanketi ni alama ya vilele vya milima, kama nilivyofundishwa chuoni. Mama akavua miwani.

"Mwanangu, vilele umevitoa wapi? Hizo ni kona za njia ya kwenda kisimani. Kila mfumaji anaweka kona za kwao."

"Mama, nina cheti."

"Cheti kimewahi kuteka maji?"

Mwalimu mstaafu mmoja, mgeni aliyekuwa haachi daftari lake, akakata alichoandika na kuandika upya. Nilikasirika jamani, sifichi. Usiku wa siku ya tatu nilimwambia mama hotelini, "Hii ni kazi yangu, niachie." Akaniangalia, akasema, "Nimekuachia, ndiyo maana sijasema habari ya lile daraja." Kulikoni kwenye daraja, mpaka leo hajaniambia.

Siku ya sita asubuhi tukapanda hadi mpakani. Kule juu kuna kibanda kimoja cha mawe chenye jiko la chuma, meza mbili, na kizuizi cha bomba kilichopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Upande wetu walitupigia mihuri ya kutoka kwa kundi zima, bila maneno mengi. Meza ya pili alikaa afande wa upande ule, mtu wa makamo, mpole wa sauti lakini hana haraka na dunia. Alichukua kibali cha kundi akaanza kuita majina. Anayeitwa anavuka na kusimama ng'ambo ya bomba, ambako muongozaji wa upande ule, jamaa tunayemwita Kofia kwa sababu haivui hata akila, alikuwa akiwapokea na kuwapa mikono.

Akaita kumi. Akafunga faili.

Mama alibaki amesimama na mkoba wake.

"Na huyu bibi?" akauliza afande.

Nikasema, "Yumo, afande, angalia vizuri." Akaangalia. Akanigeuzia karatasi. Majina kumi, na hakuna la mama.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Orodha ya kibali niliiandika mwenyewe kutoka kwenye fomu za wageni, na mama hakujaza fomu. Ajaze fomu ya nini, si mama? Hata kwenye basi, kila asubuhi nahesabu vichwa, nafika kumi, namwambia dereva twende. Mama sikuwahi kumhesabu, kwa sababu mtu hamhesabu mama yake. Kinyozi hajinyoi, walisema, nami nilikuwa nimenyoa mji mzima nikamwacha wa kwangu. Viatu nimekumbuka, presha nimekumbuka, jina lake nimesahau.

Nikaomba. Nikasema nitampigia bosi, nitaleta barua, nitaacha pasi yangu mezani. Afande akatikisa kichwa. Kuongeza jina kwenye orodha kunataka wizara mbili na wiki sita. Na baada ya wiki sita barabara ile hufungwa na theluji mpaka mwaka wa pili. Miaka themanini na mbili haina mwaka wa pili wa uhakika, na kila mtu mle kibandani alijua kuhesabu.

Mama hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alifungua mkoba, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa, akanipa. "Msalimie dada," akasema. "Mwambie nilifika mpaka hapa."

Nililia pale pale, mbele ya wageni, mbele ya afande, na cheti changu shingoni.

Kofia ndiye aliyeinama chini ya bomba akaingia. "Afande, samahani. Ile nafasi ya msaidizi wa kiongozi, pale chini kwenye kibali, mbona iko wazi?"

Kweli ilikuwa wazi. Kila kundi linaruhusiwa msaidizi mmoja, anaandikwa hapo hapo mpakani. Bosi wangu ni bahili, hajawahi kuajiri msaidizi, kwa hiyo ule mstari huwa hatuuoni kabisa.

"Msaidizi lazima aujue utamaduni wa pande zote mbili," afande akasema. "Hatuandiki mtu kwa huruma. Bibi ameshaongoza nani?"

Mwalimu mstaafu akapaza sauti kutoka ng'ambo ya bomba. "Afande! Daftari langu lina kurasa kumi na nne. Kumi na mbili ni za bibi huyo!"

Mbili zilizobaki nadhani unajua ni za nani.

Afande akakaribia kutabasamu, akajizuia. Akavuta blanketi la zamani lililokuwa limetandikwa kwenye kiti chake, akalisukuma mezani. "Haya, bibi. Hili limefumwa upande gani?"

Mama alivuta kiti akakaa, bila kukaribishwa. Hakutazama maua wala rangi. Aligeuza blanketi kinyume, akalipapasa kwa vidole kutoka pindo la juu hadi la chini, taratibu, kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto.

"Huku nilikoolewa," akasema, "fundo la uzi hufichwa ndani. Kule nilikozaliwa huachwa nje. Hapa juu mafundo yote yamefichwa. Kuanzia hapa kati mpaka chini, yako nje. Aliyelifuma alianza akiwa kwetu huku, akamalizia akiwa kwenu. Aliolewa blanketi likiwa bado mtamboni, akaja nalo." Akalikunja vizuri. "Na alikuwa na mkwe mkali. Tazama lilivyofumuliwa na kurudiwa mara tatu hapa kati."

Afande akasema, polepole, "Ni la mama yangu. Bibi mzaa baba alikuwa mkali, ni kweli." Akachukua kalamu. "Jina lako kamili, bibi?"

Akaandika kadi, akaigonga muhuri, akampa. Mama akapita chini ya bomba kwa miguu yake, na wageni kumi wakampokea kwa vigelegele walivyojifunza njiani, vibovu lakini vya moyo.

Siku iliyofuata tulifika kwenye "makazi ya kale ya mawe". Mama mkubwa alitoka mlangoni na fimbo, akamshika uso kwa mikono miwili, akauchunguza.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe je?" akajibu mama.

Wakacheka, kisha kicheko kikageuka, wakashikana. Mimi nikawaambia wageni watazame paa, ni la karne nyingi. Hakuna aliyetazama paa.

Mama alilala kwa dada yake siku zote zilizobaki. Siku ya mwisho mama mkubwa alikataa katakata kuagana nyumbani, akapanda basi la Kofia mpaka mpakani. Wote wawili walijua hesabu. Walishikana mikono kwenye bomba mpaka nikalazimika kuitenganisha mwenyewe, na kazi mbaya kama ile sijawahi kufanya.

Kibandani mama akaweka kadi mezani. "Ahsante, mwanangu. Kazi imekwisha."

Afande akairudisha. "Imekwisha vipi? Mgeni ndiye anayeingia mara moja. Kadi ya msaidizi ni ya mwaka mzima, safari zote, na ikiisha inaandikwa nyingine. Someni nyuma."

Tukasoma nyuma. Yangu ina maandishi hayo hayo, niliipokea ofisini kwenye bahasha na sikuwahi kuigeuza. Safari inayofuata ilikuwa imeshajaa wageni, wiki tatu tu mbele, kabla ya theluji. Kama ningemwandika mama kwenye orodha inavyotakiwa, angeingia mgeni, akatoka mgeni, basi.

Mama hakungoja nimalize kusoma. Alitoka mbio na viatu vyake vipya mpaka kwenye bomba. Mama mkubwa alikuwa bado amesimama kando ya basi, anajifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Dada! Acha kulia! Narudi baada ya wiki tatu!"

Upepo ukayachukua maneno. Mama mkubwa akaweka mkono sikioni. Mama akarudia, na mwalimu mstaafu akamsaidia, kisha wale wengine, kisha mimi, sote kumi na wawili tumejipanga kwenye bomba tunapiga kelele: "Wiki tatu!"

Mama mkubwa akainua fimbo juu. "Nimesikia!" akaita. "Basi mbona bado mnapiga kelele? Nendeni, mrudi!"