Shati la Polikarpo

Tekla alitoka Lipangalala asubuhi kwa bodaboda kwenda kijijini kwao, Mbingu, amevaa kitenge kipya, maana siku hiyo jina la baba yake lingeonekana kwenye jiwe la kumbukumbu. Alikuwa ameingoja tangu utotoni. Wakati wa vita vya Kagera, ndege ya jeshi ilianguka mlimani juu ya kijiji hicho. Polikarpo, baba yake, alipanda na panga lake, akawavuta askari wawili kutoka motoni. Akarudi kumfuata wa tatu, asitoke tena. Tekla alikuwa hata shule hajaanza.

Hayo yote alisimuliwa na Lukelo, mdogo wa baba yake, ambaye siku ile alibaki bondeni akivuna mpunga, wala hakuona haya kusema. Matanga yalipokwisha, ukoo ulimvika Lukelo shati la marehemu, kama ilivyo desturi yao: mrithi huvaa nguo, huchukua jina, hulea watoto. Tekla, mtoto wa kwanza, ndiye aliyemfunga vifungo. Tangu hapo Lukelo akawa Polikarpo, na Tekla akamwita baba. Na tusimnyime haki yake, alikuwa baba kweli. Alimsomesha, akamwoza, na kila mwaka kabla ya kulima walifagia kaburi pamoja huku akimsimulia upya, mpaka Tekla akaijua habari ile kama sala.

Basi kitambaa kikaondolewa kwenye jiwe, pale uwanjani Mbingu. Yalikuwepo majina ya askari waliokufa. La baba yake halikuwepo. Chini kabisa paliandikwa: Wawili waliokolewa na Mzee Polikarpo, mkazi wa Mbingu.

Wageni hawa wa jeshi wamekosea tu, Tekla alijiambia. Wameuliza Polikarpo yuko wapi, wakaonyeshwa Lukelo. Mtu wa mbali atajuaje mambo ya kurithi? Akatulia kwenye kiti chake. Baba angesimama na kuliweka sawa.

"Mzee Polikarpo, tuambie ilikuwaje," alisema afisa mmoja kwa heshima.

Lukelo alisimama, ndani ya shati lile lile alilolitunza kwa ajili ya sikukuu. Alimtazama Tekla, kisha akatazama pembeni.

"Nilipanda na panga langu," alisema. "Nikamtoa wa kwanza, nikamtoa wa pili. Nikarudi kumfuata wa tatu, moto ukanishinda."

Akakunja mkono wa shati, akaonyesha kovu. Tekla alilijua kovu lile. Ni la uji wa moto uliomwagika siku ya ubatizo wa Evod, mwanawe Lukelo, na Tekla ndiye aliyempaka asali.

Watu wakapiga makofi. Wazee wa Mbingu, wanaojua kila kitu, nao wakapiga, macho chini. Tekla aliumia kuliko siku ya msiba, maana siku ya msiba alikuwa mdogo, hakujua ananyang'anywa nini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo yenyewe hii ilikuwa ya baba yake!

Baada ya wali na picha alimfuata Lukelo nyumbani, akamkuta amekaa barazani peke yake.

"Mwanangu, usinitazame hivyo," alisema mzee. "Kwani mimi si Polikarpo? Ninyi wenyewe mlinipa."

"Tulikupa jina utulee. Kufa kwake hatukukupa."

"Yeye yuko kaburini, makofi yangemfaa nini? Mimi nimelima maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kuniuliza chochote."

Tekla alipiga magoti mbele yake, kama alivyopiga siku ile ya matanga, akaanza kufungua vifungo, kimoja baada ya kingine. Lukelo alilia, lakini alinyoosha mikono, shati likavuka. Tekla akalikunja vizuri, akalitia kwapani.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema.

Tangu matanga yale hakuwahi kumwita hivyo. Lukelo alibaki kifua wazi, na marahaba ikakataa kutoka.