Bakteria wa Profesa

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, tunamwita Profesa. Aliwahi kuhudhuria semina ya ufugaji ya siku mbili, na siku ya pili aliondoka mapema. Tangu hapo hasemi kuku anaharisha. Anasema "mfumo wa utumbo umeyumba", tena akiwa amesimama mlangoni mwa banda ili viatu visichafuke.

Mama mkwe alikuwa amechoka na banda lake la kuku wa nyama. Magoti yalimgomea, na kundi lililopita liliharisha mpaka maranda ya sakafuni yakawa tope. Akatuketisha mimi na Profesa, mwanawe wa mwisho, akasema atakayewalea vizuri vifaranga hawa mia tatu ndiye atakayekabidhiwa banda. Nililitaka banda lile kuliko kitu chochote. Katika nyumba ile sikuwa na changu hata kijiko.

Profesa akaja na pakiti ya unga. "Humu mna bakteria wazuri, shemeji. Wakishaingia tumboni mwa kifaranga, wale wabaya hawapati pa kukaa."

Hapo alisema kweli. Kisha akamimina sehemu ya unga kwenye pipa ambalo dakika tano nyuma alikuwa amelitia klorini ya kuua vijidudu. Aliwanunua bakteria hai, akawaua mwenyewe, huku anakoroga na kutabasamu. Nyuma ya pakiti iliandikwa wazi: usichanganye na maji yenye klorini. Lakini Profesa hasomi. Profesa anajua.

Ningeweza kumwambia. Nilimtazama anavyopangusa vidole kwa leso nyeupe, nikaona sina mate ya kupoteza. Alipoondoka nikayamwaga maji yake, nikasugua vyombo, nikachemsha maji mengine, nikayaacha yapoe kabisa, ndipo nikatia unga kutoka kwenye pakiti. Ikawa hivyo kila asubuhi. Moyoni nilikuwa nacheka. Siku moja bwege huyu ataumbuka mbele ya mama yake, nilijiambia, nami nitakuwepo.

Siku ya kumi na mbili mama mkwe akaja. Akainama kwa taabu, akachota maranda, akayafikicha. Makavu. Vifaranga walikuwa wazito, na nyuma wasafi.

"Ni wale bakteria, mama," Profesa akadakia.

"Bakteria gani?" nikasema. "Uliwaua wote kwa klorini. Maji yako nimekuwa nikiyamwaga kila siku." Nikamkabidhi mama pakiti.

Akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole hadi mwisho. Profesa alitazama viatu vyake. Nilihisi raha ambayo sijawahi kuihisi.

"Kwa hiyo ulijua tangu siku ya kwanza," mama akaniambia.

"Nilijua, mama."

"Na hukumwambia mwenzako?"

Jibu lilikuwepo moja tu, kwamba nilimdharau, na usoni mwa mama niliona ameshalipata.

"Huyu hajui kitu, namjua, nimemzaa mimi," akasema. "Lakini akijua, angalau anasema. Wewe siku ukiugua, nani atajua kuku wangu wanakunywa nini?"

Akampa Profesa funguo, kisha akanituma nikamwonyeshe maji yanavyochemshwa.