Mshono wa Mkono wa Kushoto

Bi Fundi alikwisha kuwakagua abiria wote wa upande wa kulia wa boti, na sasa aligeukia wa kushoto. Hakuzitazama nyuso zao. Alivitazama vifua vyao, miwani ikiwa imemteremka hadi ncha ya pua. Boti yenyewe ilikuwa ndogo, ya watu arobaini na mizigo yao, nayo ilipita visiwa vitatu kimoja baada ya kingine, ikimshusha mtu hapa na gunia pale, kama mgeni anayepiga hodi nyumba hadi nyumba.

“Bibi wewe,” alisema mkata tiketi, mtu ambaye tumbo lake lilifika kila mahali kabla yake, “ukizidi kunitazama kifua hivyo, habari zitamfikia mke wangu.”

“Na zimfikie. Umwambie pia kwamba kifungo chako cha tatu kimeshonwa kwa uzi mweusi, na shati ni jeupe.”

Benchi la nyuma liliangua kicheko. “Leo umepata kiboko yako!” mtu alimpigia kelele, na mkata tiketi akakifunika kifungo kwa kiganja, akaenda zake.

Bi Fundi hakucheka. Alikuwa akitafuta tundu la kifungo. Si tundu lolote, bali lile ambalo nyuzi zake zimelala kuelekea upande usiozoeleka, kwa sababu aliyelishona alishika sindano kwa mkono wa kushoto. Mwezi uliopita, katika foleni ya zahanati, aliketi karibu na mtoto wa shule aliyevaa shati lenye matundu ya namna hiyo, akayakodolea macho hata akaitwa na mganga mara tatu asisikie. Mtoto alisema kwao ni visiwani, na sare zao huletwa kwa boti. Zaidi ya hapo hakujua. Katika maisha yake yote Bi Fundi alimjua mtu mmoja tu aliyeshona hivyo, naye ni binti yake wa pekee, ambaye hakumtia machoni kwa miaka kumi na mmoja.

Kosa lilikuwa la nani, alilijua, ingawa ilimchukua miaka mingi kukubali. Yeye alifundishwa kushona na masista, waliomfundisha pia kwamba kazi safi ina njia moja tu. Binti alipoonekana kuwa mashoto, mama aliufunga mkono ule kwa kitambaa. Kitambaa kilipofunguka, aliuchapa kwa rula. Kila jioni aliketi ubavuni pake, bega kwa bega, akimwambia, “Nitazame mimi, ufanye kama mimi.” Binti alitazama, akafanya, akakosea, na mama akatamka neno lake la siku zote: “Fumua.”

Hata ikafika siku ile, binti akiwa na miaka ishirini na miwili, mama alipochukua wembe na kuyafumua matundu kumi na mawili ya gauni la bibi harusi mbele ya wateja, akisema kwamba kazi ya kushoto haitoki nyumbani mwake. Binti hakulia. Aliivua kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukingia kidole, akaiweka mezani taratibu.

“Basi, Mama,” alisema, “mkono huu unaondoka na mwenyewe.”

Sasa kastabini hiyo ilikuwa mkobani, imeviringwa ndani ya leso, na mama alikuwa njiani kumwomba radhi binti yake na kumrudisha nyumbani.

Katika kisiwa cha kwanza hakuona kitu. Duka lilikuwa moja, na mwenye duka alivaa fulana. Katika kisiwa cha pili boti ilipofunga kamba, watoto walikuwa wakitoka shuleni, na Bi Fundi akasimama katikati ya njia kama jiwe katikati ya mto, wakampita huku na huku. Kila shati lilikuwa na matundu yale. Alimshika mtoto mmoja kola, akamvuta karibu na miwani.

“Shikamoo, bibi,” mtoto alisema kwa hofu. “Mimi sijafanya kitu.”

“Marahaba. Tulia.”

Alilitazama tundu kwa muda mrefu. Nyuzi zilikuwa za kushoto, sawasawa, zimebanana vizuri. Lakini pale mwisho, ambapo uzi hufungwa, kulikuwa na ulegevu. Fundo halikuzama, na ncha ilikuwa imeanza kutoka. Alilitazama la pili na la tatu. Yote yalikuwa hivyo hivyo.

“Amekuwa mvivu wa kumalizia,” alisema moyoni. “Nilimwambia tangu zamani.”

Mwalimu mkuu, aliyekuja kuona mwanafunzi wake anakabwa na nani, alimweleza kwa adabu kwamba sare zote hushonwa katika kisiwa cha mwisho. “Kwa Fundi Mashoto,” alisema. “Ukishuka gatini, ulizia. Hata paka wa huko atakupeleka.”

Kutoka hapo hadi kisiwa cha tatu Bi Fundi hakumkagua mtu tena. Alikuwa akiyapanga maneno ya kuomba radhi, na kila alipoyapanga, ndani yake lilijipenyeza lile neno la fundo lililolegea, kama chuya katika mchele. Alilitoa, likarudi. Hatimaye aliamua kwamba ataomba radhi kwanza, kisha, baada ya siku mbili tatu, atalitaja fundo kwa upole.

“Tunaondoka saa nane kamili,” mkata tiketi alimwambia akimshika mkono kumteremsha. “Simsubiri mtu, hata awe mama mkwe.”

“Tuwekee nafasi mbili,” alisema Bi Fundi. “Nitarudi na mtu.”

Kibao kilikuwa juu ya mlango, kimeandikwa kwa rangi ya buluu: FUNDI MASHOTO. Jina hilo alilipiga marufuku nyumbani mwake. Watoto wa jirani walipolitamka aliwafukuza kwa ufagio. Mwenye nalo alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa.

Ndani kulikuwa na cherehani moja ya miguu, mikasi iliyotundikwa msumarini, na lundo la mikono ya mashati ikingoja miili yake. Karibu na dirisha aliketi mwanamke wa miaka hamsini hivi, sindano katika mkono wa kushoto. Hakuwa binti yake.

“Karibu, mama. Karibu ukae. Ila kama ni sare, za wiki hii zimeshajaa.”

“Namtafuta Fundi Mashoto.”

Sindano ilisimama. “Umetoka mbali, eh?”

“Mbali.”

“Ndiyo maana. Jina limebaki la duka tu.” Mwanamke aliweka shati chini, akajifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. “Fundi alitutoka, mama. Mwaka juzi. Homa ilimshika Jumatano, na bahari ilikuwa imechafuka, boti haikuja hadi Jumatatu. Sisi tulimzika Jumapili.”

Bi Fundi aliketi. Hakukitafuta kiti, kilikuwa pale kwa bahati.

“Lakini mashati,” alisema. “Mashati ni mapya.”

“Ni yangu hayo. Mimi mkono wangu ni wa kulia kwa kila kitu, kula, kuandika, hata kumzaba mume wangu kibao. Ila sindano naishika hivi, maana nilimkuta mwalimu wangu anaishika hivi. Alinicheka sana. Akaniambia, ‘Shosti, tumia mkono wako, hapa hapigwi mtu.’ Nikakataa. Nilitaka yatoke kama yake.” Kisha akamtazama mgeni vizuri zaidi, pua, paji la uso, namna alivyoishika miwani. “Wewe ni mama yake.”

“Ndiyo.”

“Pole, mama. Hakutuambia kwao ni wapi, tungeleta habari. Alisema tu kwamba mama yake ni fundi kuliko mafundi wote. Akiona kazi mbaya anasema, ‘Hii mama yangu angeifumua.’”

Aliinuka, akatoa kabatini shati moja jeupe la mtoto, lililokunjwa katika karatasi. “Hili alilishona mwenyewe. Naliweka la kuigia.”

Bi Fundi alilipeleka dirishani. Kwa mazoea ya miaka hamsini jicho lake lilikwenda kutafuta kosa, nalo lilitafuta tundu baada ya tundu, kuanzia kola hadi chini, kisha likarudi juu. Kila fundo lilikuwa limezama ndani ya kitambaa. Hapakuwa na kosa. Huko kisiwa cha pili, ulegevu ule ungalimwambia ukweli wote kama angalimjua binti yake. Lakini yeye aliona kosa, akasema ndiye binti yake.

“Hapo mwishoni pananishinda,” mwanamke alisema kwa aibu. “Alikuwa hajafika kunifundisha kufunga.”

“Leta sindano,” alisema Bi Fundi.

Aliketi ubavuni pake, bega kwa bega, akaonyesha kwa mkono wa kulia. Mwanamke alijaribu, uzi ukajikunja, akajaribu tena, akakosea.

“Ngoja, mama,” alisema, akainuka na kigoda chake, akakiweka mbele ya mgeni, wakawa uso kwa uso. “Haya, fanya sasa. Niwe kama najiona kwenye kioo.”

Mkono wa kulia ulipita, na wa kushoto ukapita mbele yake. Uzi ulizungushwa, na uzi ukazungushwa. Hapo mikono ya Bi Fundi ilisimama. Miaka yote ile, kitambaa, rula, wembe; na kumbe ilikuwa kukigeuza kigoda tu.

Honi ya boti ililia gatini. Mkata tiketi alisikika akiita, “Bibi wa nafasi mbili! Bibi wa nafasi mbili!” Akaita mara nyingi, yeye aliyesema hamsubiri mtu, kisha injini ikanguruma na sauti yake ikapungua baharini.

Mwanamke alivuta uzi, akaukata kwa meno, akalitazama fundo lake la kwanza. Lilikuwa limekwenda upande kidogo.

“Limepinda,” alisema. “Nifumue?”

Bi Fundi aliifungua leso, akatoa kastabini, akamvisha kidoleni, katika mkono wa kushoto.

“Usifumue,” alisema. “Liache. Nionyeshe mlipomlaza.”