Kutoa Kuanzia Kulia

Mista Wagdi aliitupa karatasi kwenye dawati la Raghda. "Tena! Ukubwa sahihi, mwelekeo kinyume. Mashua inapanda mto kwenda Aswan, wewe unaiteremsha baharini! Kwa uzembe huu utaishia mkondo wa sanaa. Mapumziko ubaki hapa. Nikirudi nakupa swali moja ubaoni. Ukikosa, jina lako nalipeleka kwa mkuu leo hii hii, uhamishwe."

Raghda alitamani kuichanachana ile karatasi. Uzembe! Tangu ahamie shule hii inayofundisha kwa Kiingereza, miezi mitatu sasa, alikuwa akizisoma vekta, zile hesabu za mishale, mpaka macho yanamwasha. Kujumlisha hakukumsumbua. Mpira uliorushwa alijua utaangukia wapi. Kutoa tu ndiko kulikomtoa roho. Na uhandisi, alioutaka kuliko kitu chochote, ulikuwa unamponyoka kwa ajili ya kijistari kimoja.

Darasa lilipotoka, Marwa, mwenzake wa dawati, alibaki akitafuna mkate wa taamiya, bajia za maharage. Aliandika ubaoni B − A. "Hebu nisomee."

"A kutoa B."

"Nini?"

"A kutoa B! Kwani wewe huoni?"

"Mimi sioni? Wewe ndiye unasoma Kiingereza kama gazeti la Kiarabu! Umeanzia kulia, mama!"

Raghda aliutazama tena ubao. Kule Mansura alikotoka, shule ya serikali, tangu darasa la kwanza hesabu zote ziliandikwa kwa Kiarabu, kuanzia kulia. Kwenye namba angeshtuka, maana saba kutoa tatu hata mtoto haigeuzi. Lakini mishale haikuwa na kitu cha kumshtua. Alicheka, kisha hasira zikampanda upya. Miezi mitatu mizima!

Mista Wagdi aliingia, akachora mshale A wa kwenda mashariki na mshale B wa kwenda kaskazini, akaandika: B − A. "Haya, tuone."

Raghda aliziba ile A kwa kiganja ili jicho lianzie kushoto. Akahesabu, akachora mshale wa kaskazini-magharibi.

"Umekosa," mwalimu alisema papo hapo. "Kusini-mashariki. Si nilisema?"

Chaki ilikatika mkononi mwa Raghda. Machozi yalimlengalenga, akayameza. Akapitia tena, pole pole.

"Mista, jumlisha jibu langu na A. Si tunafika B?" Akachora. Walifika. "Sasa jumlisha lako." Mshale ulikwenda kuishia chini kabisa, pembeni mwa ubao.

Mwalimu alisogea karibu, akavua miwani, akaivaa tena. Karatasi alizisahihisha kwa majibu ya kitabu. Hapa hakuwa na kitabu.

"Mista, wewe ulisomea wapi?" Raghda aliuliza.

"Tanta."

"Shule ya serikali?"

"Ya serikali."

Marwa alipaliwa na taamiya.

"Basi, basi," Mista Wagdi alisema akijifuta kipara. "Unabaki mkondo wa sayansi. Nenda ukale."

"Umeniita mzembe mbele ya darasa zima."

"Kesho nitawaeleza."

"Leo, mista."

Kengele ililia. Wanafunzi walianza kuingia kwa kelele, wakisukumana mlangoni. Raghda alimwekea mwalimu kipande cha chaki kiganjani, akaenda kukaa dawati la mbele kabisa, akakunja mikono, akamsubiri aanze.