Makaa Hayana Moshi

Fundi Onyiego aligonga bati la jiko kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Mzee, unataka jiko la kupasha nyumba joto, ama lile jiko lingine la kukupikia?"

Mafundi wenzake wakacheka. Binti yangu Phanice, mtoto wake mchanga mgongoni, akamjibu, "Huyu miguu yake haitulii. Nani atampikia?"

Mtoto huyo ndiye aliyetuleta soko la Daraja Mbili. Yeye na mamake walikuwa wakae kwangu Julai yote, kule juu Nyamira kwenye majani chai, baridi inakouma hadi mizizi ya meno. Nyumba ni ileile aliyofia mama yake Phanice.

Majiko yalikuwa mawili. Moja la kuni, chuma kizito, lina bomba la kutoa moshi juu ya paa. La pili dogo, la makaa.

"Chukueni hili dogo," Onyiego akasema. "Makaa hayana moshi, mzee. Mnafunga mlango, mnalala na joto lenu."

Hayo ndiyo niliyomwambia Bathsheba, mke wangu, neno kwa neno. Phanice alikuwa na miaka minne, yuko kwa nyanya yake. Niliingiza jiko la makaa chumbani, nikaziba dirisha kwa gunia, nikashika njia ya Kericho kutafuta kibarua. Nilipoitwa kurudi, Bathsheba alikuwa amelazwa sebuleni, hana jeraha hata moja. Watu wakasema amerogwa. Kabla hatujamzika walishabomoa nyumba ya jirani yetu, mama mzee Nyanchama, wakamfukuza. Alifia ugenini.

Miaka miwili baadaye tabibu mmoja alinieleza makaa hufanya nini ndani ya chumba kilichozibwa. Badala ya kurudi kusema, nikaendelea kutembea. Kitale, Voi, Lodwar. Kila mji niliofika nilimkuta mama mzee yuleyule ameketi mlangoni pa nyumba isiyo na paa. Hakuwahi kuniuliza kitu.

"Tata, mbona huchagui? Hili dogo si ni afadhali?" Phanice akaniuliza.

"Jiko kama hilo ndilo lililomuua mama yako," nikasema. "Nyanchama hakumroga mtu. Makaa niliyawasha mimi, na nimejua siku zote hizi."

Phanice alimtoa mtoto mgongoni, akamweka kifuani. Hakunitazama. Alimtazama fundi.

"Tuuzie lile la bomba."

Pikapu ilipotushusha njia panda, Phanice hakuelekea kwetu. Aliteremka upande wa kijito, kwa Ogari, mwana wa Nyanchama, aliyerudi juzijuzi kujenga pale pale mamake alipofukuzwa. Tangu utotoni Phanice alikatazwa hata kuwasalimu watu wa ukoo ule. Nilimwona amesimama nje ya lango, mtoto kifuani. Akabisha hodi.

Ogari akatoka. Waliongea kwa muda mrefu, kisha wote wawili wakageuka kutazama barabarani.

Nilikuwa nimesimama pale kando ya jiko, nimekumbatia bomba, nangoja kuitwa.