Chapati za Mtu wa Kaunda Suti

Haya yote ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Kama kuna uongo ndani yake, basi imondo ya jogoo anayechemka sasa hivi jikoni kwangu isinifikie. Wewe ambaye si Mluhya, elewa uzito wa kiapo hiki. Imondo ni firigisi ya kuku, na kwetu ni ya mwenye nyumba peke yake. Mume akikosa kuiona kwenye sahani yake, wazee wanaweza kuitwa. Mimi nimekula yangu kwa miaka arobaini na saba ya ndoa na sijawahi kumgawia mtu hata kipande.

Mwaka wa themanini na mbili nilikuwa karani wa mizani katika ghala moja la nafaka hapa Eldoret. Malori yalikuja kutoka Chepsaita, kutoka Kapseret, kutoka kila upande, yamejaa ngano, nami niliyapima. Nilikuwa na ngano kwenye nywele, kwenye soksi, ndani ya masikio. Na ni ngano hiyo hiyo iliyokuwa ikinimaliza.

Tumbo lilikuwa limeanza kunisumbua mwaka uliotangulia. Nilikula, nikajaa kama ngoma, nikakimbilia choo, nikakonda. Nilimeza dawa ya minyoo mara tatu. Mitishamba ya shangazi yangu ilinitoa kila kitu isipokuwa ugonjwa. Mwishowe nikafika kwa Daktari Otiende, mtu wa ziwani aliyekaa Elgon View, mpole, anayetoa neno moja moja kama vidonge. Akaniambia matumbo yangu hayasikizani na ngano. Chapati, mkate, mandazi, hata biskuti ya mtoto, basi. Nikamwuliza mpaka lini. Akasema mpaka nife, na kwamba nikiendelea kuila nitafika huko mapema.

Selpha, mke wangu, alichukua kikaango chetu cha chapati, akakifunga kwa gazeti, akakiweka juu ya kabati. Akasema kama baba hali, hakuna anayekula. Tangu Pasaka nyumba yetu pale Langas haikunukia chapati tena. Jumapili binti yetu Nanzala, wa miaka saba, alikuwa akienda kusimama karibu na ukuta wa jirani yetu Adero, anavuta harufu, halafu anarudi ndani bila neno. Nilimwona. Afadhali angelia.

Ndiyo maana siku nilipoanguka majaribuni sikuweza kusema.

Ilikuwa Oktoba, miezi miwili baada ya lile jaribio la mapinduzi la Agosti, wakati ambapo watu walitazama nyuma kabla ya kufungua mdomo. Foleni ya malori ilikuwa imefika barabarani. Bosi wetu Johnstone alikuwa amenifokea mbele ya madereva, na tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni. Nikavuka kwenda hoteli ya Hulda, kibanda cha mabati chenye meza nne, nia yangu ikiwa chai na kiazi kitamu tu. Hapo ndipo mtu yule alipoingia.

Alivaa kaunda suti ya kijivu. Viatu vyake havikuwa na vumbi, na huo ulikuwa msimu wa mavuno, wakati ambapo pale ghalani hata kuku walikuwa na vumbi. Alivuta kiti akakaa mbele yangu bila kuomba nafasi. Hulda akaleta chapati mbili ambazo sikuagiza. Yule mtu akaisukuma sahani polepole mpaka ikagusa mkono wangu.

"Kula, Murunga," akasema.

Sikuwa nimempa jina langu.

Nikamweleza kwa heshima kwamba daktari amenikataza. Akatabasamu kwa mdomo peke yake, macho yakabaki vilevile. Akasema amesikia kuna karani anayekataa chakula wanachokula wananchi wenzake, na mtu anayekataa chapati leo, kesho atakataa nini? Basi nikala. Zilikuwa moto, laini, zimejikunja tabaka kwa tabaka. Nilipoinua kichwa sahani ilikuwa nyeupe na kiti hakina mtu.

Jioni tumbo liliponipinda Selpha akauliza nimekula nini. Nikamwambia juu ya mtu wa kaunda suti. Aliinuka, akafunga dirisha, ingawa jua lilikuwa bado kali nje. Hakuuliza ni mtu wa wapi. Mwaka ule mtu wa kaunda suti alikuwa kachero wa serikali, hukuhitaji kuuliza.

Akarudi Ijumaa. Akarudi tena Jumanne. Kila mara alikuja siku ambayo nimechoka, au nimefokewa, au niko na njaa ya kuona giza. Siku niliyoamka na uji na viazi vya kutosha hakuonekana. Nami kila akinilisha nilijiadhibu mwenyewe: siku mbili za maji matupu, nikisema mwili uliokosa ndio utakaolipa. Siku ya tatu mikono ilitetemeka hata kalamu haikai. Nikivuka kwa Hulda kutafuta chai, namkuta amekaa tayari, ananingoja.

Jumatatu asubuhi, kabla ya malori, nilikuwa nikisimama juu ya mizani ya magunia. Kilo sabini. Kilo sitini na nne. Sitini. Hamsini na saba. Mshale ulikuwa ukirudi nyuma bila haraka, kama anayejua anakwenda wapi.

Na nyumbani kitu kilikuwa kikikua. Selpha aliacha kukaa nje na wanawake wenzake. Adero alipouliza ng'ambo ya ua kama tuko salama, Selpha alimdokezea kidogo tu, na Jumapili iliyofuata tukaachiwa benchi nzima kanisani, sisi watatu. Nanzala akafundishwa kwamba mtu akimwuliza baba yake anafanya kazi wapi, aseme hajui. Alijifunza vizuri. Siku moja mchungaji alimwuliza tu jina langu, akasema hajui.

Kisha alasiri moja nikarudi nikakuta moshi uani. Mimi shule niliachia darasa la nne. Kila nilichokijua kilitoka katika sanduku moja la mbao: kamusi isiyo na jalada, masomo ya kwa posta, na madaftari kumi na moja niliyoandika kwa mkono wangu. Selpha alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko anachana na kutia, anachana na kutia. Akasema wakija wasikute karatasi. Nilisimama pale, chapati ya mchana ikiwa bado inaniwaka tumboni, nikatazama daftari la saba likijikunja na kuwa jeusi. Sentensi moja ingetosha kumzuia. Sikuitoa.

Baada ya hapo Selpha aliamua. Jumatano, saa ya chakula cha mchana, alifunga kitambaa chake cha kanisa, akafungasha ugali na mboga za kienyeji, akatembea kutoka Langas mpaka kwa Hulda. Alitaka kumpigia magoti yule mtu. Alitaka kumwambia kwamba kama lazima anilishe, basi anilishe hicho.

Mtu wa kaunda suti alimwona mlangoni. Akainuka. Mbele ya macho yangu na ya Selpha akaugeukia ukuta wa mabati, akapita ndani yake kama mtu anayepita kwenye pazia, na pale chini sakafuni zikabaki nyayo mbili za

Hapa nimekatizwa. Selpha ametoka jikoni na mwiko mkononi, amesoma juu ya bega langu. Tangu mwaka ule husoma kila ninachoandika.

"Baba Nanzala," amesema, "andika kiti."

Nimemwuliza kiti gani.

"Unakijua. Na ujue jogoo ameiva."

Basi naandika kiti.

Kiti kilikuwa kitupu. Selpha alisimama mlangoni na kifurushi chake, akanitazama mdomo ukiwa umejaa, akatazama kiti kilichokuwa mbele yangu, akainama akatazama hata chini ya meza. Kisha akamwuliza Hulda kwa adabu yule mgeni amepitia wapi.

"Mgeni gani, mama?" Hulda akasema. "Huyu hukaa peke yake. Anaagiza mbili, anasemesha hicho kiti, halafu anakula. Mimi nilidhani anaombea chakula."

Sikujua kwamba nilikuwa nikisema kwa sauti. Mpaka leo hilo ndilo linalonitia baridi.

Selpha akakaa juu ya kiti hicho. Akaweka kifurushi mezani.

"Nimechoma vitabu vyako," akasema, "kwa sababu ya kiti."

Nikamwambia yote. Kwamba hakuna aliyenilazimisha, ni miguu yangu iliyonileta. Kwamba sikuweza kutaja chapati kwa mdomo wangu ndani ya nyumba ambayo mtoto ananusa ukuta kwa ajili yangu, na mama ameficha kikaango kwa ajili yangu. Nilingoja aseme anakwenda kwao na Nanzala. Ingekuwa haki yake, na nadhani aliifikiria, maana aliutazama mlango mpaka chai yangu ikaota utando. Kisha akafungua ugali, akausukuma polepole mpaka ukagusa mkono wangu.

"Kula. Umekula chapati, umekula, zimeshapita. Lakini kesho usijinyime. Hiyo njaa yako ndiyo inayomwita huyo mtu."

Tukakubaliana. Nikianguka, nitasema neno moja mlangoni kabla sijavua koti: nimekula. Yeye atateleka uji wa wimbi, na hakuna wa kuuliza lingine. Mara ya kwanza nilisimama nje ya mlango wangu mwenyewe mpaka kuku wakaingia kulala. Nikasema. Uji ukatelekwa. Nanzala akaniletea kijiko, na Jumapili yake Selpha alishusha kikaango, akasema mtoto atakula chapati na mimi nitakaa pale pale mezani na viazi vyangu. Mwaka uliofuata nilianguka mara nne, uliofuata mara mbili. Ya mwisho ilikuwa keki ya harusi ya Nanzala, na nilikiri kabla bibi harusi hajabadilisha nguo.

Mizani ilinirudishia kilo zangu polepole. Madaftari hayakurudi. Na nikichoka sana, nikiwa hotelini mbele ya kiti kitupu, bado huwa natazama kama sakafu ina alama ya viatu.

Sahani zimefika. Imondo iko kwenye ya Selpha, nono, inang'aa mchuzi. Nimetaja wazee. Amesema niwaite, nao watapenda kusikia habari ya ukuta wa mabati. Anatafuna taratibu, ananitazama usoni.

"Imeiva vizuri," anasema.